Kesha la Kutembea Dhidi ya Saratani: Michezo ya Usiku Kucha na Mchango Unaoonekana

Watu wa Eastlands hawahitaji kufundishwa kukesha. Kuna kesha la kanisa kila Desemba 31, kuna kesha la matanga hema ikiwa imefunga njia ya plot, na kuna wale wa kukesha na mpira. Hata kuchanga hatufundishwi. Mgonjwa akilazwa asubuhi, kufikia jioni kundi la WhatsApp lishafunguliwa, nambari ya simu imebandikwa juu, na majina yanaorodheshwa moja, mbili, tatu.

Kesha la kutembea linaunganisha mambo hayo mawili. Timu zinazunguka uwanja kwa zamu, jioni hadi asubuhi, na kila mzunguko, kila mchezo na kila kikombe cha chai kinaingiza kitu kwenye mfuko wa wagonjwa wa saratani. Ukilipanga vizuri, ni usiku ambao mtaa utausimulia mwaka mzima.

Ila kuna mambo mawili yanayoliua kesha la aina hii. La kwanza ni saa nane usiku: baridi imeingia, miguu inauma, na uwanja unabaki na watu sita na mbwa mmoja. La pili ni Jumatatu, mtu akiuliza kwenye kundi, "Kwani zilipatikana ngapi?" na hakuna anayejibu. Mwaka unaofuata ukiita watu, hawaji.

Dawa ya yote mawili ni moja. Kila saa iwe na mchezo wake, kila mchezo uwe na bei ndogo inayolipwa kwa simu, na jumla itangazwe kila saa. Mchezo unamweka mtu macho, na jumla inamfanya aamini. Hebu tuone inavyofanyika.

Wazo lilianza na mtu mmoja

Mei 1985, daktari wa upasuaji aitwaye Gordy Klatt aliingia uwanja wa chuo kimoja mjini Tacoma, Marekani, akaanza kuuzunguka. Alizunguka saa 24, mara akikimbia, mara akitembea, akamaliza zaidi ya maili 83, yaani kama kilomita 133. Kwa uwanja wa mpira wa kawaida, hiyo ni mizunguko zaidi ya 380. Marafiki zake walilipa dola 25 ili kukimbia au kutembea naye nusu saa. Asubuhi ilipofika kulikuwa na dola 27,000 za kupambana na saratani. Mwaka uliofuata zilikuja timu 19, na hapo mbio za Relay For Life zikazaliwa. Leo zinafanyika katika nchi nyingi.

Angalia alichouza Klatt. Aliuza nusu saa ya kuwa pamoja naye, kwa bei ambayo rafiki anaweza. Hakusimama akaomba pesa tu.

Hapa Kenya tuna somo letu pia. Agosti 2015, kijana Emmanuel Otieno, aliyejulikana kama Jadudi, alihitaji shilingi milioni 1 kwenda India kufanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo. Mwandishi Jackson Biko aliandika habari zake, watu wakaisambaza, na kwa siku chache michango ikapita shilingi milioni 6, nyingi zikiwa ni pesa ndogondogo kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kumwona. Michango ilipitia Africa Cancer Foundation, haikuingia kwenye simu ya mtu binafsi. Jadudi alifariki Desemba mwaka huohuo. Lakini kwa kuwa pesa zilikuwa mikononi mwa taasisi, palikuwa na mahali pa kuuliza kilichobaki kitafanya nini.

Mnachanga kwa ajili ya nini hasa?

Kabla ya kuchora bango, jibuni swali hili kwa sentensi moja. "Kusaidia wagonjwa wa saratani" ni kubwa mno. Hakuna anayejua itaisha lini. Chagueni kitu ambacho mtaa unaweza kukihesabu.

Pendekezo letu ni nauli. Matibabu ya mionzi kwa kawaida hufanywa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Mgonjwa wa Kayole au Dandora anayetibiwa Hospitali ya Kenyatta, au ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, anapanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Tuseme kwa siku anatumia shilingi 300, na ana siku 25 za matibabu. Hiyo ni shilingi 7,500, bila kumhesabu anayemsindikiza. SHA ilipoanza kazi Oktoba 2024, kikomo cha matibabu ya saratani kiliwekwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Pesa hizo zinalipa hospitali. Matatu hazilipi. Mtu anaweza kuwa na bima, awe na tarehe ya mashine, na bado akose kufika kwa sababu ya nauli.

Sasa fanyeni hesabu ya usiku mmoja. Huu ni mfano tu:

- Timu 12 za watu 10, kila mtu anajiandikisha kwa shilingi 200: 24,000
- Taa za majina 150, kila moja shilingi 100: 15,000
- Nauli za matatu ya katoni 300, kila moja shilingi 20: 6,000
- Nyimbo 60 zilizoagizwa kwa shilingi 50: 3,000
- Watu 40 waliofungwa jela, 50 ya kumshtaki na 100 ya dhamana: 6,000

Jumla ni shilingi 54,000. Hakuna mheshimiwa aliyekuja na bahasha, na tayari wagonjwa 7 wana nauli ya matibabu yote. Ukimwambia mtu "taa 75 zinampeleka mama mmoja hospitali hadi amalize", anaelewa, na anajua taa yake ni ya ngapi.

Gharama za hema, vyoo na umeme zitafutiwe wafadhili wao, au zitengewe fungu linalojulikana mapema. Usichanganye na nauli za wagonjwa.

Uwanja, ruhusa na tope

Kutembea barabarani usiku tuachane nako. Sheria ya utulivu wa umma inataka polisi waarifiwe angalau siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya msafara wa umma, na saa zinazotajwa ni kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Isitoshe, Outering Road saa tisa usiku si mahali pa kutembeza watu. Kesha linafaa liwe ndani ya ua: uwanja wa shule, wa kanisa, au uwanja wenye ukuta kama Camp Toyoyo pale Jericho, mkiruhusiwa na wenyewe. Hata hivyo nendeni mkamwone OCS na chifu mapema, mkiwa na barua, mpango wa usalama na jina la msimamizi. Ofisi ya naibu kamishna wa kaunti iwaeleze pia kuhusu leseni ya kukusanya michango kwa umma, maana kuna sheria yake, Sura ya 106.

Kuzunguka uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ni kama mita 346. Kwa hiyo mizunguko mitatu inakaribia kilomita moja. Hesabu hiyo wekeni kwenye ubao, watu wanaipenda.

Kuhusu tarehe, Februari ni nzuri: Siku ya Saratani Duniani ni tarehe 4, na mvua kwa kawaida bado. Oktoba ni mwezi wa saratani ya matiti, lakini mwishoni mvua za vuli huanza, na udongo mweusi wa Umoja na Kayole tunaujua. Ukinyeshewa, kila mtu anatembea na kilo mbili kwenye kila kiatu.

Lango lifungwe saa 4 usiku, lifunguliwe saa 11 alfajiri. Anayetaka kwenda nyumbani katikati ya usiku asindikizwe. Watoto wadogo waondoke na wazazi wao kufikia saa 3. Kuwe na huduma ya kwanza, vyoo vya wanawake vyenye taa, na maji ya kunywa.

Akaunti kwanza, bango baadaye

Hapa ndipo makesha mengi yanaharibika kabla hayajaanza. Mtu anasema, "Wekeni yangu kwa sasa, tutabadilisha." Tafadhali msiweke.

Nambari ya simu ya mtu binafsi ina shida tatu. Moja, ina kikomo: tangu 2023 akaunti ya kawaida ya pesa za simu inashika hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Ikijaa, mchango unakataa. Mbili, pesa za kesha zinachanganyika na za sukari, kodi na deni la duka. Hata mwaminifu kabisa atashindwa kuzitenganisha. Tatu, simu ikipotea usiku huohuo, kesha zima limepotea nayo.

Kikundi kilichosajiliwa kiombe Paybill, na pesa ziingie kwenye akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Kama hamjasajiliwa, ombeni kanisa, shule au shirika la saratani mnaloliamini liwashike mkono, na mkubaliane kwa maandishi. Anzeni wiki kadhaa mapema, kwa sababu karatasi huchukua muda.

Kwa nini Paybill na si Till? Till ni nzuri kwa duka, na mama wa chai hapo uwanjani atumie yake. Lakini Paybill inamuuliza mlipaji "nambari ya akaunti", na kwa kesha hiyo nafasi ni dhahabu. Kila mchezo upeni neno lake fupi. Anayenunua taa anaandika TAA. Anayepanda matatu ya katoni anaandika NAULI. Anayeagiza wimbo, WIMBO. Wa kujiandikisha anaandika jina la timu. Asubuhi mkitoa taarifa ya miamala, mchezo wowote unajihesabu wenyewe. Hakuna kubishana ni timu gani ilileta ngapi.

Ada nayo iwekwe wazi. Kwenye Paybill kuna mipango ambapo mlipaji anabeba ada, na kuna ambayo mpokeaji anaibeba. Kwa mchezo wa shilingi 20, ada juu ya mlipaji inakera, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuchagua. Mkiona bado ni tabu, uzeni tikiti za mchezo: mtu analipa 200 mara moja, anapewa vipande kumi vya 20, anacheza navyo usiku kucha.

Ratiba: saa kwa saa, mchezo kwa mchezo

*Saa 12 jioni: mzunguko wa mashujaa.* Wa kwanza kuzunguka ni waliopona saratani na wanaoendelea na matibabu, pamoja na wanaowauguza. Wengine wote wasimame pembeni wapige makofi. Uwe mzunguko mfupi, na viti viwe tayari. Anayepata dawa za kemo hana kinga nyingi. Asikae kwenye umati na baridi, apewe nafasi ya kwenda nyumbani mapema bila kuulizwa. Na hakuna anayelazimishwa kutangaza ugonjwa wake. Kuna watu hata jirani wa mlango hajui.

*Saa 1: matatu ya katoni.* Huu ndio mchezo wa Eastlands wenyewe. Kila timu itengeneze nganya yake kwa katoni na kamba: michoro, jina, taa za betri, ruti yake. Watu wanne wanaingia ndani na kuibeba kiunoni, makanga anabaki mlangoni. Anayetaka kupanda analipa nauli ya mzunguko mmoja, shilingi 20. Kukianza kunyesha au mziki ukikolea, makanga ana haki ya kupandisha, kama kawaida yao. "Nauli ni forty, mvua hiyo!" Mtalalamika, lakini mtalipa. Nganya iliyobeba abiria wengi inapewa heshima ya kuongoza msafara wa asubuhi.

*Saa 2: michezo ya plot.* Kati, blada, bano, kuruka kamba. Wazazi dhidi ya vijana. Utashangaa ni nani bado anaweza kukwepa mpira wa soksi na karatasi. Kila mchezaji 20, na timu iliyoshindwa inazunguka uwanja mara moja kwa mguu mmoja, au inalipa 100 isamehewe.

*Saa 3: mnada.* Kila aliyezoea mchango wa kanisa anaujua huu: keki, kuku, mkungu wa ndizi, sukuma ya shamba la mtu. Mnadishaji awe mtu wa maneno. Anayeshinda alipie hapohapo, jina lake lisomwe. Bahati nasibu iacheni, hiyo ina mambo ya leseni, mnada unatosha.

*Saa 4: muziki kwa miaka.* Spika kubwa zizimwe, maana majirani wanalala na kanuni za kelele za 2009 ni kali zaidi usiku mitaani. Tumieni spika ndogo katikati ya uwanja. Anzeni na zilizopendwa, mzunguko unaofuata benga, kisha Kalamashaka wa Dandora, kisha genge ya Jua Cali na wenzake wa California, mpaka mfike gengetone. Kuagiza wimbo ni 50. Kuuondoa wimbo wa mwenzako ni 100. Mwenyewe akiurudisha, 150. Hapo vita vitaanza, na mfuko utanenepa.

*Saa 5: taa za majina.* Hapa kelele zote zinanyamaza. Kila taa ina jina la mtu: aliyefariki, anayeugua, au aliyepona. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na hatuihitaji. Chukueni paketi tupu za unga, zile za karatasi, mzigeuze upande mweupe, mwandike jina, mtie mchanga chini na taa ndogo ya betri. Mshumaa unapendeza, lakini upepo na karatasi ni moto. Zipangeni kuzunguka uwanja mzima. Watu watembee mzunguko mmoja bila kuongea, wakisoma majina. Jina la mgonjwa aliye hai liandikwe tu kwa ruhusa yake. Kama mna nafasi ya jambo moja tu usiku huo, fanyeni hili.

*Saa 6: kweli au uongo.* Maswali ya saratani, timu kwa timu. Ukikosa, mzunguko mmoja wa ziada. Hii ni mifano:

Saratani inaambukizwa kwa kutumia kikombe kimoja na mgonjwa. Uongo, na wengi wametengwa kwa sababu ya uongo huu.

Mwanamume hawezi kupata saratani ya matiti. Uongo. Ni nadra, karibu 1 kati ya wagonjwa 100, lakini ipo.

Kenya inawachanja wasichana dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani nyingi za mlango wa kizazi. Kweli. Chanjo ilianza Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka 10.

Muuguzi anaweza kuchunguza dalili za mapema za mlango wa kizazi kwa kutumia asidi kama ya siki. Kweli. Ni kipimo cha muda mfupi, na hakihitaji mashine kubwa.

*Saa 7 hadi 9: mwizi wa usingizi.* Hizi ndizo saa ngumu, kwa hiyo ndizo zipewe michezo ya kuchekesha zaidi. Wekeni jela kwa viti na kamba. Kwa shilingi 50 unamshtaki mtu yeyote: amesinzia, amepiga miayo, ni shabiki wa timu mbaya. Askari wanamkamata, hakimu anasikiza kesi ya dakika moja, dhamana ni 100. Asiye na dhamana anazunguka mara mbili amebeba ndoo tupu. Mwalimu mkuu na pasta wakiwepo, hao ndio watafungwa zaidi, na vijana watachanga kwa furaha.

Katikati ya kesi, uji wa moto. Kisha mzunguko wa leso na blanketi: kila mtu anatembea amejifunika, na msimulizi mmoja mbele anatoa hadithi. "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo!" Ikifika mahali patamu anakatiza, anadai 20 kwa kila msikilizaji ndipo aendelee.

*Saa 10: drafti ya vizibo.* Wazee na mabingwa wa kibaraza wanakaa, wengine wanaendelea kuzunguka. Ukitaka kumpa mchezaji shauri, lipa 20. Anayejua drafti za Eastlands anajua hakuna mtu anaweza kunyamaza, kwa hiyo hii ni biashara.

*Saa 11 alfajiri: amka.* Mazoezi ya viungo na chai ya tangawizi, na mandazi. Kikombe cha kwanza kabisa kinapigwa mnada.

*Saa 12 asubuhi: mzunguko wa mwisho.* Wote pamoja, nganya ya abiria wengi mbele. Jua la Nairobi halichelewi, kufikia saa 12 na dakika 45 limeshatoka mwezi wowote ule. Jumla inasomwa hapo, watu wakiwa bado wamesimama.

Pesa usiku: linda simu, linda jina

Usiku kuna uchovu, na mtu aliyechoka anadanganywa haraka. Mambo haya yabandikwe kwenye meza ya malipo:

Mlipaji asome jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Liwe jina la kikundi mlilotangaza. Likiwa la mtu, asimamishe.

Meza isiamini meseji iliyoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Meseji inaweza kutungwa. Angalieni malipo kwenye mfumo wenu, au kwenye simu ya kikundi iliyo mezani.

Akipiga mtu kusema ametuma kimakosa na anataka arudishiwe "haraka", msimrudishie kwa mkono. Mwambieni apige huduma kwa wateja kwa nambari rasmi, na nyinyi pigeni pia.

Mabango yakaguliwe kila saa mbili. Kubandika karatasi ndogo yenye nambari nyingine juu ya yenu ni kazi ya dakika moja.

Simu ya kikundi ikae na watu wawili kwa zamu, PIN ijulikane na aliyepewa jukumu tu, na chaja au pawabenki iwepo. Pesa taslimu zikija, ziandikwe kwenye kitabu mbele ya aliyetoa na ziwekwe kwenye akaunti asubuhi hiyohiyo.

Na kila saa, mweka hazina asimame kwenye kipaza sauti kidogo aseme: "Saa tano: taa 92, nauli 140, jumla yetu ni hii." Ubao uandikwe. Sauti hiyo ni sehemu ya burudani pia, kwa sababu timu zitaanza kushindana.

Asubuhi na wiki inayofuata

Kabla ya watu kutawanyika, wekeni meza mbili. Moja ya muuguzi, aeleze ni wapi karibu uchunguzi wa matiti na mlango wa kizazi unafanywa, na ni siku gani. Nyingine ya kijana mwenye subira, awasaidie watu kujisajili SHA kwa kupiga *147#. Bima isiyosajiliwa kabla ya ugonjwa inamkuta mtu amechelewa, na saratani nyingi hapa kwetu bado zinagunduliwa zikiwa zimeenda mbali. Makadirio ya GLOBOCAN ya 2020 yalitaja wagonjwa wapya 42,116 na vifo 27,092 Kenya kwa mwaka mmoja. Hao ni majirani zetu. Mtu mmoja akigundua mapema kwa sababu alikuja kupanda matatu ya katoni, kesha limelipa.

Ndani ya siku 7, tumeni taarifa kwenye makundi yote: zilizoingia kwa kila mchezo, ada, zilizotumika, zilizobaki. Nauli zitumwe kwa wagonjwa kidogokidogo, kila wiki ya matibabu, na zile za hospitali zilipwe moja kwa moja kwa Paybill ya hospitali. Majina ya wagonjwa yasitangazwe. Idadi yao inatosha. Na mgonjwa wa mwisho akimaliza matibabu, tumeni meseji moja tu: "Nauli ya mtu wa saba imekamilika." Hiyo ndiyo itawaleta watu uwanjani mwaka ujao.

Orodha ya haraka ya kamati

- Wiki 8 kabla: lengo la sentensi moja, kikundi, Paybill, watia sahihi.
- Wiki 4 kabla: uwanja, barua kwa wenye uwanja, ofisi ya naibu kamishna, wafadhili wa vyoo na hema.
- Siku 14 hadi 3 kabla: OCS na chifu, ratiba ya walinzi, wauguzi wa zamu.
- Wiki ya mwisho: maneno ya akaunti yachapishwe (TAA, NAULI, WIMBO, JELA), kila mwanakamati ajaribu kulipa shilingi 10 aone jina sahihi.
- Usiku wenyewe: jumla kila saa, mabango kila saa mbili, uji kabla ya saa nane.
- Baadaye: taarifa ndani ya siku 7.

Na kama kawaida: PIN yako ni siri yako. Sisi hatutakupigia kuiuliza, si mchana wala saa nane usiku ukiwa umefungwa jela ya viti na kamba.